Simu ya Kazi Mashineni

Jumanne, Aprili 1997. Mvua tangu alfajiri, na mimi nimenuna kama mbingu.

Leo nimepigiwa simu. Naandika tena: nimepigiwa simu, mimi.

Hapa Kibaoni simu ya karibu iko kwenye mashine ya Mama Tito ya kukoboa mpunga. Ikilia, mashine inazimwa ili mwenye simu asikie, na kila aliye kwenye foleni na gunia lake anasikia pia. Mambo yangu ya leo yamesikilizwa na wanawake tisa.

Aliyepiga ni mwanamume, mpole, akaniita kwa majina yangu yote matatu. Alisema kampuni yao ya mbao kule Mahenge inatafuta mpiga chapa. Tangu nipunguzwe kazini mwaka juzi nimeandika barua nyingi bila jibu, na huyu sikumwandikia kabisa. Akataka nimtumie vyeti vyangu halisi, si nakala, kwa basi hadi Dar. Vyeti vile vikipotea, mimi si mpiga chapa tena, ni mtu tu anayedai aliwahi kuwa.

Akaongeza kwamba jana tu ametoka Mahenge kwa gari. Nikamuuliza kama kivukoni walikuta foleni.

"Hapana, dada. Tulipita moja kwa moja."

Mto umefurika, na pantoni, njia pekee ya magari ya Mahenge, imefungwa, leo siku ya sita. Nikayarudia maneno yake kwa sauti, wanawake wakaguna. Mama Tito akanifanyia ishara nikate.

Sikukata.

Naona aibu kuandika hili. Nilimuuliza ofisini kwao wapo wapiga chapa wangapi, na kama mchana wanakula pamoja. Akasema wapo wanne, wanakula pamoja, tena ni watu wa maongezi. Uongo mtupu, na niliusikiliza wote. Tangu mama afariki, hakuna anayeniuliza hata kama nimekula.

Mwisho nikamwambia bado nafikiria, anipigie tena Alhamisi.

Mama Tito hakuwasha mashine mara moja. Alinitazama, akauliza polepole, "Sasa Alhamisi utaongea nini na tapeli, mwanangu?"

Nikamuaga, nikarudi nyumbani na mvua yangu.

Vyeti viko chini ya godoro na havitoki. Ila Alhamisi nitawahi mashineni, na sina hata punje ya mpunga wa kukoboa.