Otto Aliyekataa Nyungunyungu

Apple Valley, Minnesota
Novemba, theluji imeanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninakusalimu wewe kwanza, kisha mguu wako wa kushoto unaokusumbua baridi ikishuka hapo Soni, kisha ng'ombe wako Kidawa, ambaye najua ungependa aulizwe hali kabla yako. Mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa kidogo, mashavu yamerudi, na lile jino lililonitesa limeng'olewa. Naomba barua hii ikukute una nguvu ya kuisoma mwenyewe bila kumpa Yonatani, maana kaka yangu akisoma barua huruka mistari.

Huyohuyo Yonatani ameniandikia kwamba tangu Mama atutoke, sahani yako inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Mkewe anapika, anafunika, anafunua, anawapa kuku. Habari hiyo imeniumiza, Baba. Nilitaka kupiga simu, lakini kadi huisha tukiwa bado kwenye salamu za majirani, na wewe ukiulizwa kwenye simu husema "nakula, nakula" kwa sauti ya mtu mwenye njaa. Kwa hiyo nimekaa niandike. Ila kwanza nina kesi ya mifugo ya kukusimulia. Isome kama bwana mifugo uliyestaafu, usiisome kama baba.

Nilikwisha kukueleza kuhusu bibi ninayemtunza na kuishi naye, Lorraine, mjane wa miaka themanini na kitu. Sikukueleza kwamba nyumbani kwake tuko watatu. Wa tatu anaitwa Otto, na ni salamanda. Usicheke. Ni mnyama mwenye umbo la mjusi mnene, lakini ngozi yake ni laini na yenye unyevu kama ya chura, nyeusi, ina madoa ya manjano. Marehemu mume wake, Walter, alimkuta miaka mingi iliyopita ametumbukia kwenye kishimo cha dirisha la chini ya nyumba, baridi ikikaribia, akamwingiza ndani. Anakaa kwenye sanduku la kioo lenye udongo, juu ya meza ya kulia chakula. Ndiyo, Baba, juu ya meza ya chakula. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakula nimegeuza kiti.

Kila jioni saa kumi na mbili Lorraine huketi, hushika nyungunyungu kwa kibanio na kumning'iniza mbele ya Otto. Otto hutazama kama hakimu, halafu, hap! Hapo ndipo bibi naye hunyanyua kijiko chake. Kabla Otto hajala, yeye hali. Ndivyo alivyokuwa akifanya na Walter, na Walter alipofariki hakuona sababu ya kubadilisha. Hao nyungunyungu tunawanunua kituo cha petroli, wamewekwa kwenye friji kwa ajili ya wavuvi, kando ya maziwa ya kunywa. Nchi hii ina mambo.

Sasa sikiliza kosa langu. Mwezi uliopita Lorraine alikwenda kwa binti yake huko Champlin, siku kumi, nami nikabaki na Otto. Aliniachia maagizo kwenye karatasi: nyungunyungu mmoja mdogo kila jioni, basi. Nikasoma, nikaona ni uchoyo. Mimi ni mtoto wa mama yangu. Mgeni akiachwa mikononi mwako halafu arudishwe amekonda, utaficha wapi uso? Na Otto ana tabia mbaya, kila nikipita huinua kichwa na kunitazama. Nikawa nampa. Nyungunyungu asubuhi, funza wanono mchana, nyama ya kusaga jioni. Anameza tu, hasemi hapana. Tumbo likawa kama la diwani.

Halafu nikatazama kitanda chake. Udongo mtupu! Nikajiuliza, mwenyeji gani humlaza mgeni kwenye udongo? Siku moja kabla ya bibi kurudi nikautoa wote, nikaosha kioo kikang'aa, nikatandika vijiwe vidogo vyeupe nilivyonunua dukani. Kulipendeza kama sebule ya mchungaji. Nikamwekea na chakula cha usiku palepale juu ya vijiwe, akakifagia.

Lorraine aliporudi alitazama lile sanduku, akasema, "Si mbaya sana." Wazee wa huku jambo likiwafurahisha mno ndivyo wanavyosema, kwa hiyo nilivimba kichwa. Jioni akashika kibanio. Otto akageuza uso. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu alitapika kitu cha kunuka, akalala kwenye kona, tumbo gumu. Na bibi, Baba, alirudisha sahani. "Sina njaa, Penina, nitakula kesho." Kesho akasema vilevile. Mwanamke mwenyewe ni mwepesi kiasi kwamba upepo wa Novemba ungeweza kumchukua, na dawa zake za moyo zinatakiwa zimezwe pamoja na chakula. Nikapika supu ya kuku, nikapika viazi kwa maziwa. Akashika kijiko, akaweka chini. Hapo niliogopa kweli.

Nikampigia Wanjiru, rafiki yangu Mkenya ambaye ni nesi, tunasali kanisa moja. Nilitaka aniambie namna ya kumbembeleza mzee ale. Akaniambia, "Wachana na bibi kwanza. Huyo mnyama una-feed nini? Penina, niambie ukweli, uli-overfeed huyo mgeni wako?" Nikasema sikumlisha kupita kiasi, nilimkirimu tu. Akacheka mpaka nikakasirika.

Nilipoweka simu chini ndipo nilipokukumbuka wewe. Nilikuwa mdogo, nakubebea mkoba wa dawa, tumeitwa kwa watu ambao ng'ombe wao hali. Wote wamemzunguka kichwani, huyu anafungua mdomo, yule anasukuma majani. Wewe ulipita bila kusalimia mtu, ukaenda nyuma, ukachuchumaa. Ukaniambia, "Mnyama asipokula, usimuulize mdomo. Tazama mavi." Basi nikachuchumaa mbele ya meza ya chakula ya watu, nikatafuta. Hakukuwa na mavi. Tangu siku nilipotandika vijiwe, hakukuwa na hata kidogo. Na pale alipokula chakula cha mwisho, vijiwe vilikuwa vimepungua.

Nilikaa sakafuni, Baba. Ningeweza kunyamaza. Otto ni mzee, angekufa, watu wangesema ni uzee, na kosa langu ningelijua mimi tu. Lakini bibi alikuwa pale kwenye kiti chake na sahani imepoa mbele yake. Nikamwambia yote, nyama, funza, vijiwe. "Nilitaka umkute amependeza," nikasema, machozi yananitoka kama mtoto.

Alisukuma sahani kando. Kisha akasema, "Walter alimpa soseji siku ya kwanza. Tulidhani amekufa." Akasimama akishika meza. "Tafuta funguo za gari."

Daktari wa wanyama wa aina hiyo yuko Eden Prairie. Nikaendesha polepole kwenye theluji, bibi amempakata Otto ndani ya ndoo ya plastiki yenye taulo bichi. Daktari alimpiga picha ya eksirei, akatuonyesha: vijiwe vyangu vimejipanga tumboni, vyeupe, vinang'aa. Kumpasua ni hatari kwa umri wake. Akatuambia tumpumzishe na chakula kabisa, tumweke mahali pa baridi kidogo, na kila siku tumwogeshe kwenye maji ya kina kifupi, maana anakunywa kwa ngozi. Maji ya bomba yasitumike moja kwa moja kwa sababu ya dawa iliyomo, yakae kwenye beseni wazi siku nzima kwanza. Akauliza nani aligundua kwamba mnyama hajanya. Nikasema ni mimi, lakini amenifundisha baba yangu. Akaandika hivyo kwenye karatasi yake. Kwa hiyo umo kwenye faili la hospitali ya wanyama Marekani, vaa tai.

Tulimwogesha kwa zamu. Bibi alishika kichwa, mimi mkia. Nikamwambia Lorraine kwamba daktari amemkataza Otto kula, yeye hajamkataza. Akaniambia, "Najua." Akanywa chai, akala nusu ya biskuti kwa heshima yangu. Siku ya nne, wakati wa kuoga, Otto alijikaza, akajikunja, na maji yakachafuka. Mavi, Baba! Na ndani yake vijiwe vyeupe. Tulipiga makofi wanawake wazima wawili, bibi analia na kucheka, mimi napiga vigelegele, mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kama kuna usalama.

Tukarudisha udongo wake. Tulisubiri siku chache kama tulivyoagizwa, halafu Jumapili jioni Lorraine akakata nyungunyungu kipande kidogo, akamning'iniza. Otto akatazama. Akatazama sana. Hap! Bibi akanyanyua kijiko, akala supu yote, akafuta bakuli kwa mkate. "Si mbaya sana," akasema.

Najua umekwisha kunishtukia, maana hukuwahi kudanganywa na mwenye mfugo hata mmoja. Nilimwona bibi huyu akirudisha sahani nikakuona wewe. Ninammisi Mama kila siku, na mimi nina kazi na marafiki wa kunichangamsha, wewe una kile kiti kitupu mbele yako. Siwezi kuja kukikalia mwaka huu. Lakini nimepiga hesabu ya saa. Kila Jumapili saa nne asubuhi hapa, huko ni saa moja jioni. Saa hiyo nitakuwa nimesonga ugali, wa unga wa njano, utanisamehe, na nitakuwa mezani. Sitaanza kabla yako. Shika tonge moja, Baba, ndipo nami nitashika langu la kwanza.

Nisalimie mke wa kaka, umwambie mikono yake naikumbuka na kuku wameshiba vya kutosha. Nisalimie shangazi mwenye duka na mchungaji wetu mzee. Watoto wa Yonatani nawabusu mmoja mmoja. Kidawa mpapase shingoni.

Ni mimi binti yako uliyembebesha mkoba,
Penina

Nilitaka kusahau: nimemwandikia Yonatani asikuulize tena kama umekula. Nimemwambia atazame sahani.