Ndevu Zangu za Mwaka 1919

Jumatatu, 29 Mei 2023

Leo nimeokota dili bila hata kuinama! Nipo kwenye kona yangu ya kuuzia soksi na miamvuli, njia za Lavalle na Pasteur zinapokutana, mvua inanyunya, miamvuli inagombewa. Dada mmoja kasimama. Hanunui, ananikodolea macho tu. Nikamwambia, dada, sura hii siuzi, ninayo moja. Kasema ndiyo hiyo hiyo anayoitaka.

Anaitwa Malena Iturbe, anatengeneza filamu. Ni ya familia ya Wayahudi wa mtaa huu huu wa Once – bibi hasemi, binti halali usingizi, mjukuu kazi yake kuuliza. Na nyuma ya yote ni Januari 1919, ile wiki vijana wa kitajiri walivaa vitambaa mkononi wakaja mitaa yetu kupiga Wayahudi. Kasema nina sura ya 1919. Nikamwambia cheti kinasema 1969, lakini kwa bei nzuri narudi nyuma.

Sharti moja: nifuge ndevu. Za kubandika zinang'oka zikivutwa, na kamera itakuwa puani kwangu. Wiki sita. Tunapiga Jumanne tarehe 11 Julai. Mimi ni mzee anayeburutwa mpaka mlango wa karakana yake, anavutwa ndevu, naye anaomba Mungu kimoyomoyo. Neno sina hata moja. Mtu kama mimi, kimya! Nimemwambia kunyamaza kuna malipo yake.

Jumapili, 4 Juni

Kidevu kinawasha utadhani nimelala bandani na kuku. Leo mchana kwa mama, kama kila Jumapili. Kafungua mlango, kaniangalia kidevuni, kauliza kama wembe umepanda bei. Nikamweleza habari ya filamu, nikaipamba, nikampa mpaka jina la dada. Kapakua supu, kachukua kiti chake, kakigeuza, kala ameangalia ukuta. Mwanamke wa miaka sabini na nane!

– Mama, huo ukuta una hadithi gani?

– Hauna. Ila umenyoa.

Shida yake naijua. Kwetu Wayahudi mtu akifiwa na mzazi anakaa siku thelathini bila kugusa wembe. Sasa baba nilishamzika. Mzazi aliyebaki ni nani? Yeye! Yaani mwanawe anamfanyia matanga na yeye bado anapakua supu. Lazima akasirike. Nitampelekea keki ya tufaha, yataisha.

Jumatano, 14 Juni

Keki imerudi. Kaileta Delfina, jirani yake, mpaka mezani kwangu. Juu ya keki – wembe! Delfina kasema hivi: mama Fany kaagiza hii uile, na huu uutumie, na usichanganye.

Lakini ndevu zinauza jamani! Watu wananiita rabi, wanaomba baraka. Nawapa baraka na soksi jozi tatu. Leo nimemaliza mzigo kabla ya saa nane.

Halafu gari moja likapunguza mwendo, jamaa kashusha kioo. We Myahudi, rudi kwenu! Miaka thelathini kwenye kona hii sijawahi kurushiwa hiyo – au labda nilikuwa sijavaa sare. Sikufikiri. Mdomo ukaenda wenyewe: "Kwetu Villa Crespo bosi, hapo mbele tu, nipe lifti basi, mvua hii!" Kacheka. Mwenzake kacheka. Wakaondoka zao.

Nimeshinda. Si nimeshinda? Nimehesabu chenji ya mteja mara tatu. Baridi ya Juni hii.

Jumamosi, 24 Juni

Sabato, na naandika. Mungu anisamehe, ni penseli tu.

Nimekwenda sinagogi kumtafuta rabi Gedalia. Mzee yule umri wake anaujua Mungu na mhasibu wa mazishi. Nikataka aje amwambie mama kwamba ndevu za filamu si ndevu za msiba. Rabi kacheka mpaka kakohoa.

– Msiba? Kwenu? Nato, babu yako Bernardo alipokufa, mwaka themanini na nne, mjomba wako alikuja kumsomea sala ya kadishi siku ya pili tu, mashavu yanang'aa kama sahani. Nikamuuliza, ndugu yangu, mbona umenyoa? Kasema dada Fany ndiye kampa wembe. Na wewe, baba yako alipokufa? Vile vile! Mimi nikadhani nyinyi ni wakomunisti.

Kweli kabisa! Nilishasahau. Siku ya pili ya msiba, mama na beseni la maji ya moto, taulo begani, wembe mkononi. Sikuuliza. Nilidhani ndiyo desturi – nyumba nyingine wanafuga, sisi tunanyoa. Kama vile wengine wanavyotia sukari kwenye samaki na wengine pilipili.

Kumbe mama haogopi matanga. Matanga yenyewe kayavunja mara mbili. Sasa anaogopa nini?

Jumapili, 25 Juni

Niandike leo leo kabla sijaanza kuipamba.

Nimemkuta jikoni anamenya viazi. Kanipa mgongo. Nikamwambia mama, rabi kaniambia habari ya wembe. Kasema rabi azibe mdomo wake kwa mkate. Akamenya. Kiazi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Halafu akaanza kusema, lakini si na mimi. Na viazi.

Babu yake aliitwa Leib. Fundi cherehani, karakana yake hapo hapo Lavalle, ukitoka kwenye meza yangu ni mitaa mitatu. Ndevu mpaka hapa – kaonyesha kwa kisu. Januari 1919, jua la kupasua vichwa. Wale vijana wakaingia. Babu Bernardo, baba yake mama, alikuwa na miaka tisa, kajificha chini ya meza ya kukatia nguo. Wakamburuta Leib mpaka mlangoni, wakamshika ndevu.

Nikauliza, akaanza kuomba Mungu? Maana kwenye filamu ndivyo nitakavyofanya.

Kisu kikasimama.

– Alitania.

– Alifanya nini?

– Aliwatania, Nato. Kwa Kihispania chake kibovu. Kawachekesha ili wamwachie. Baba alihesabu, chini ya meza. Walicheka mara tatu. Baada ya cheko la tatu wakawasha kiberiti.

Hakufa. Aliishi miaka mingi baadaye, shavu moja limekunjamana kama karatasi, na hakutania tena. Na babu Bernardo hakumsamehe – si wale vijana, baba yake! Aliona aibu mpaka kaburini. Kwamba walimchoma na bado aliwaburudisha. Ndiyo maana kwetu hakuna ndevu. Hakuna aliyeambiwa kwa nini, kila mtu alipewa wembe tu.

Nikamuuliza mbona mimi hukuniambia. Miaka hamsini na nne!

– Ulikuwa mtoto wa kuchekesha. Watoto wakikusukuma pale nje, wanakuita Myahudi mchafu, unawatania, wanacheka, wanakuacha. Mimi na babu yako tunasikia dirishani. Yeye anainuka anakwenda chumbani, anafunga mlango. Mimi ningekwambia nini, mwanangu? Nyamaza, wakupige?

Nikakumbuka lile gari. "Nipe lifti basi bosi." Kumbe ule mdomo si wangu peke yangu.

Nimekula viazi vyote bila kutoa mzaha hata mmoja. Mama kauliza kama naumwa.

Mlangoni kaniambia, macho yake kwenye viatu vyangu: nyoa, Nato, usiende kusimama mahali pale na sura hiyo. Sijamwona babu Leib hata kwenye picha, lakini ukiingia hapa naungua mimi.

Basi ndiyo hivyo. Nikinyoa, hakuna filamu. Nisiponyoa, mama haniangalii. Sijui la kufanya.

Muongo. Najua. Sinyoi. Lakini pale mlangoni siombi Mungu kimya kimya. Kama ni kusimama, nasimama kama alivyosimama yeye.

Jumatatu, 3 Julai

Mazoezi. Nikamvuta Malena pembeni, nikamweleza yote. Katafuna kalamu mpaka nikaihurumia.

– Kaka Nato, na watazamaji wakicheka?

– Wacheke! Ndiyo yenyewe. Wacheke, halafu kiberiti kiwake, wajitazame wamecheka upande gani.

Kakaa chini kwenye kreti. Halafu: sawa. Lakini utani gani?

Hapo nikakwama. Mama haujui. Babu Bernardo hakurudia hata mmoja.

Kijana wa kunivuta anaitwa Facundo. Mwigizaji, mtoto wa shule za maana, mikono laini kama siagi. Kila akivuta anaomba radhi. Samahani sana bwana Nato, nimekuumiza? Nikamwambia mwanangu, wewe ni mhuni wa 1919, si daktari wa meno! Kaona haya mpaka masikio.

Alhamisi, 6 Julai

Miaka thelathini nauza soksi kwa utani, leo natafuta mmoja tu, hauji. Ninaoujua wote ni wa mtu anayetaka kuuza. Nimejaribu mizaha mitatu kwa wateja. Wamecheka, wamenunua, nikazichukia zile pesa. Mara ya kwanza maishani!

Imepita baada ya dakika tano. Lakini ilikuwepo.

Jumapili, 9 Julai

Sikukuu ya uhuru. Mji mzima unanuka mchuzi wa mahindi, hakuna anayenunua mwamvuli. Kwa mama sikwenda, alishaniambia nisilete ile sura. Saa saba simu.

– Umekula?

– Nimekula.

– Umenyoa?

– Hapana, mama.

Namsikia anafunika sufuria.

– Hiyo Jumanne ni saa ngapi?

– Saa tatu asubuhi. Lakini mama, si lazima...

Kakata.

Jumanne, 11 Julai

Naandika nimekaa kwenye kizingiti cha karakana ya bandia. Mbao zake bado zinanuka rangi. Kwenye filamu ni Januari, joto kali. Hapa ni Julai, digrii nne, tuko na shati tupu, wametupa barafu tuweke mdomoni ili mvuke usionekane. Wahuni kumi wa kitajiri wanamumunya barafu wanatetemeka! Nikawaambia, vijana, hata kuchukia Wayahudi kuna gharama. Wamecheka, mmoja kameza yake.

Mama kaja. Saa tatu kasoro, koti lake la harusi na mazishi, mkoba mkononi, Delfina kamshika kiwiko. Kakaa kwenye kiti cha Malena. Hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Macho chini, hanitazami.

Tumepiga mara ya kwanza. Wameniburuta, magoti yamepiga sakafu, Facundo kazishika ndevu. Sikuwa na utani wowote, naapa. Mdomo ukaenda wenyewe, kwa Kihispania kibovu: "Taratibu waheshimiwa, hizi nimekodi, mwenyewe anazitaka Ijumaa!" Facundo kacheka. Si kuigiza – kacheka kweli! Wale wote wakacheka, mpaka mshika taa. Na mimi nikacheka. Malena kapiga kelele kata, kata, safi sana! Watu wakapiga makofi.

Mama kainuka.

Kapita juu ya waya, kati ya wahuni, Delfina anamfuata anamwita mama Fany, mama Fany. Kaja mpaka mbele yangu. Mimi bado niko magotini. Kaweka kiganja kwenye ndevu, upande wa kushoto. Kakiacha hapo.

– Umecheka, kasema.

– Ndiyo, mama.

– Yeye hakucheka. Walicheka wao.

Halafu kaingia ndani ya karakana, kasimama kando ya meza ya kukatia nguo, kama ile aliyojificha baba yake, mkoba kwenye mkono. Malena kamfuata kwa upole kabisa. Mama yangu, pale ndipo kamera inapoangalia, utaonekana. Mama kasema: nionekane. Malena kasema mama, hii ni 1919. Mama kasema najua ni lini.

Facundo kamletea kiti. Kakikataa. Kamwambia, wewe kijana, una adabu, mama yako kakulea vizuri. Sasa ukimvuta mwanangu mvute kweli. Ukiomba radhi tena nakupiga na mkoba huu.

Sasa Malena na mshika kamera wanabishana pale kwenye gari. Mmoja anataka kuhamisha kamera, mwingine anataka kumhamisha mama. Jua wanalolihitaji limebaki nusu saa. Wamekuja kuniuliza kama mama yangu atatoka. Nikawaambia muulizeni mwenyewe. Hakuna aliyekwenda.

Nimeshamumunya barafu nyingine. Mama kavaa miwani. Ananitazama usoni, moja kwa moja, hapepesi. Sijui mdomo utasema nini safari hii, lakini mimi sicheki.

Wananiita. Mama hajasogea.