Tableti ya Shemeji Imezimika Baharini

Shoga, leo shemeji nimemkomesha!

Si aling'oa kile kifaa cha ramani kwenye boti ya matanga ya baba, akaweka tableti yake? "Acha ushamba," akaniambia, tena mbele ya dada.

Leo jua limeichemsha mpaka ikazimika. Katikati ya miamba! IMEZIMIKA, shoga!

Akaanza kuibembeleza: "Waka basi, mama, waka!"

Nikabonyeza kitufe cha redio ya mawasiliano, nikamwelekezea kipaza sauti. Bandari nzima imemsikia. Nzima!

Nilipoachia, baba akajibu kutoka bandarini: "Mkwe, toka kwenye usukani. Mpe binti yangu."

Nikashika usukani, shemeji akaniuliza kwa unyonge akae wapi.

Nikamwambia, "Mbele kabisa, utuangalizie miamba kwa macho yako."

Saa mbili nzima juani, na kofia sikumpa.