Awino, Hukurogwa

Awino, nyieka wangu,

Nakuandikia kwa sababu hapa mtaani Gatina sina mtu mwingine wa kumwambia haya. Ulikuwa mke mwenzangu, na kwa lugha ya kwetu neno hilo, nyieka, limebeba wivu ndani yake, lakini wivu wetu ulikuwa mdogo. Tuligombania Jumamosi za mume wetu Otieno, kisha ukaniletea omena kutoka kwako Kisumu Ndogo na kuniambia, "Kula, usije ukasema nakunyima mume na samaki pia."

Ile siku uliyokuja kwangu na mwanao Omondi, mbwa wa mwenye ploti alikuuma mguu hapo kwa geti. Omondi akajaribu kukuvuta, jino likamchubua mkono. Tulipaka mafuta ya taa, tukafunga kitambaa. Mbwa akafa wiki hiyo hiyo na hakuna aliyeuliza kilichomuua. Kidonda chako kikapona, ukarudi kuuza omena.

Baadaye ukaniambia kovu linawasha kama moto. Ukakosa usingizi. Nikaja kwako, nikakupa kikombe cha maji, koo lako likakaza, ukakisukuma. "Akoth, toa hiyo maji. Naiogopa, na sijui naogopa nini." Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alichoona ni wewe ukikataa kikombe kutoka mkononi mwangu.

Ulipofariki hospitalini walinikataza kukaa karibu na jeneza. Walisema uliumwa mlangoni kwangu, na kidonda kilichopona hakiui mtu bila mkono wa mtu. Otieno alinipa mgongo. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nikarudi kwa daktari aliyekutibu. Nikamuuliza kidonda kilichopona kinauaje. Akanikalisha.

"Ni kichaa cha mbwa, mama. Kirusi chake hakiwezi kuzaana peke yake. Kilitoka kwenye mate ya mbwa, kikakaa kwenye nyama ya mguu, kikashikamana na seli ya mshipa wa fahamu, na seli ikakimeza. Kikapanda na mshipa polepole mpaka ubongoni. Kikiwa ndani ya seli kinavua ganda lake na kuipa seli maagizo. Seli inaanza kukitengenezea virusi vingine, navyo vinatoka na kuingia seli za jirani. Mwisho vinafika kwenye mate, na koo linakataa maji."

Kumbe ngozi ilikuwa imefunga tu, Awino, ugonjwa ukipanda ndani, na sisi tukashukuru Mungu.

Kisha akauliza, "Kuna mwingine aliyeumwa?" Nikakumbuka mkono wa Omondi. Akasema kama mtoto hajaanza dalili, sindano bado zinaweza kukiwahi kirusi kabla hakijafika ubongoni. "Mlete leo."

Nilipoenda kumchukua, mama mkwe alimkumbatia mtoto, akaziba mlango. "Umemaliza mama yake, sasa unataka huyu?" Watu wa ploti walikuwa wanasikiliza. Nikamwambia Otieno, "Mimi nitabaki hapa, mnishike mpaka arudi. Mpeleke wewe." Akamtoa mtoto mikononi mwa mama mkwe, akambeba, wakaenda.

Omondi amemaliza sindano zote. Kila asubuhi nampa maji na kuangalia koo lake anavyomeza. Daktari anasema nisiogope, lakini bado naogopa. Mama mkwe hali chakula changu mpaka leo. Otieno anakula, ila hajawahi kutamka mbele ya ndugu zake kwamba sikukuroga. Juzi Omondi aliniita mama bila kujua, akashtuka, akaanza kulia. Nami nikalia naye.

Pumzika sasa, Awino. Mwanao nitamlea. Najua iko siku watamwambia ni mimi niliyekuua, kwa hiyo nitamweleza mimi mwenyewe kwanza, vile daktari alinieleza, polepole, mpaka aelewe. Na akiamua kuwaamini wao, bado nitampikia.

Wako,
Akoth