Kitanda cha Bibi Kwenye Picha ya Pangani

Shuleni, Tanga
Jumapili jioni

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwanao ni mzima wa mwili, naomba barua hii ikukute nawe mzima, na mguu wako uwe umepungua kuuma kwa kuwa mvua zimekatika. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, ila usimsomee barua hii mpaka umalize kuisoma peke yako. Utaona mwenyewe kwa nini.

Hapa mambo ni yale yale. Tunakula ugali na maharage, na Ijumaa wali ambao nazi imepita mbali nao. Mtihani wa darasa la kumi umekaribia. Marafiki sina wengi, unanijua, ila yuko Yohana, Msambaa wa Bumbuli, ambaye kitanda chake kinafuatana na changu. Husema nikizidi kunyamaza ataniandikia barua na kuibandika stempu, labda hiyo nitaijibu.

Jana alasiri tulikwenda Raskazone, nyumbani kwa mwalimu wetu wa Kiingereza, kurudisha vitabu. Mkewe huchora picha kwa rangi za mafuta. Alitukaribisha ndani, na ukutani palikuwa na picha mpya, pana kama mlango. Ni mji mdogo kando ya maji, jua linazama, kuta zimekuwa na rangi ya papai lililoiva, na maji yametulia hata unaona nyumba zimepinduka ndani yake.

"Mnaujua mji huu?" akatuuliza.

"Pangani, Memsahib," nikasema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Alifurahi. Akasema wakati wa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula, sisi tuliposalia bwenini, walikwenda huko, akavuka kwa pantoni mpaka Bweni, akawa anaketi ng'ambo kila jioni akiuchora mji.

"Nyumba zenu zote zina rangi hii?" Yohana akaniuliza. "Au mlizipaka papai mliposikia mnachorwa?"

Nikamwonyesha forodha, kisha msikiti, kisha ule mti wa mkungu, na nyumba yetu chini yake. Baba, ni yetu kabisa, hata lile dirisha lililolegea bawaba amelichora likiwa limeinama. Nilifurahi kama niliyeshushwa garini pale pale mlangoni. Nikasogea karibu, ndipo nikawaona watu.

Wamekaa mbele ya nyumba, juu ya mikeka, kanzu na kofia, wengi hata njia imezibika. Nao wote wameupa mto mgongo. Wewe unajua jioni watu wa mtaani kwetu wakikaa nje huutazama mto. Hawa wanatazama mlango wetu.

"Hapo ndipo nilipopenda zaidi," alisema mke wa mwalimu. "Wametulia sana. Wanapunga upepo baada ya kazi, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Haya ilinishika, sikuweza kumwambia kwamba kwetu mikeka haitandikwi njiani namna ile ila kwenye matanga. Halafu nikaona upande wa jikoni kitanda kimeegemezwa ukutani, kifupi, miguu yake ya kijani.

"Kijani hicho kilinisaidia," akasema. "Picha nzima ilikuwa nyekundu mno. Na nyumbani kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, Memsahib."

Alipokwenda kututafutia vitabu vingine, nilikigusa kile kitanda kwa ncha ya kidole. Sikujua kuwa rangi za mafuta huchelewa kukauka.

Njiani nilimweleza Yohana. Akasema, "Kitanda nje si kitu. Sisi Bumbuli tunavitoa kila kiangazi, kunguni wakaote jua."

"Bibi yangu hakubali," nikamwambia. "Kunguni wake huwamwagia maji ya moto mle mle chumbani. Anasema kitanda chake kitatoka siku atakayotoka yeye."

Yohana alivichukua vitabu vyangu akavibeba pamoja na vyake mpaka bwenini.

Magharibi nilipokwenda kutia udhu, kidole kilikuwa bado na kijani. Unakumbuka maalim alivyotufundisha, rangi inazuia maji yasifike mwilini. Sabuni haikuitoa. Yohana akaniletea mafuta ya taa kwenye kifuniko cha chupa, akanishikia taa, nami nikasugua. Sikutaka itoke, Baba. Lakini nilisugua mpaka ikatoka yote.

Nikakumbuka barua yako ya mwisho. Uliandika habari za mguu wako, za bei ya nazi, hata za paka aliyezaa ndani ya pakacha, lakini hukumtaja Bibi, naye hajapata kukuacha ufunge bahasha bila kuniusia nisisome giza likiingia, nitaharibu macho. Nilidhani karatasi ilikwisha.

Sikulaumu. Najua mlitaka nimalize mtihani kwanza. Ila tangu jana kila nikimaliza kusali nainua mikono, nikifika kwa Bibi nakwama. Sijui nimwombee afya au nimwombee rehema. Nikimwombea afya, naona kama namdanganya. Nikimwombea rehema, naogopa kwamba mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua. Nimemruka mara zote, nikawaombea ninyi wengine, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Niandikie, Baba. Neno moja latosha. Mtihani nitaufanya, nakuahidi, wala sitaomba ruhusa ya kuja.

Nisalimie dada Zuhura na mumewe. Nisalimie mjomba Saidi aliyekipaka kile kitanda rangi iliyobaki alipopaka mashua yake. Mwambie rangi yake inaonekana hata toka Bweni. Maalim mpe shikamoo, na mdogo wangu Kombo mwambie sanduku langu la vitabu asiligeuze kiti.

Bibi nimezoea kumtanguliza. Safari hii amekuwa wa mwisho kwa sababu sikujua niandike nini mahali pake. Basi naandika kama siku zote: shikamoo, Bibi. Kama ungali naye, Baba, mfikishie. Kama sivyo, isome utakapokwenda kumzuru, umwambie na hili, kwamba ningekuwa na maneno mengine, lakini nje kumeanza kuwa giza, nami nimeacha kuandika.

Mwanao,
Athumani