Sahihi Yangu Chini ya Karatasi Tupu

Papa,

Mama amepaka chokaa ukuta wa jikoni. Alitaka wageni wa matanga yako wakute nyumba safi, nami sikuweza kumzuia. Ile mistari yako ya makaa haipo tena.

Kila Jumapili ulimpa kila mtu punje mbili achague moja: haragi kwa sombe, majani ya muhogo, hindi kwa samaki. Tulizitumbukiza kwenye sufuria, ukazihesabu mbele yetu, mstari mmoja ukutani kwa kila kura, na mwishoni kabisa ukaandika jina lako chini. Kura za samaki zilipokushinda ulikula polepole, ukitoa mifupa mdomoni. "Demokrasia iko na mifupa," ulisema, Mama akacheka mpaka mwiko ukamwanguka. Hukuwahi kutia sahihi kabla ya kuhesabu.

Mimi nilitia.

Siku ya uchaguzi nilikuwa shahidi wa kura katika darasa ulilofundisha zamani, ninalofundisha mimi sasa. Tulipofunga mlango, mvua ilikuwa inakuja, na wanaokaa mbali waliogopa njia. Mkuu wa kituo akatuwekea fomu ya matokeo, tupu. "Mademoiselle, weye ulisoma, unajua hii ni formalité tu, haina neno. Musinye hapa chini sasa, tuhesabu mbio, kila mutu aende kwake." Wote wakanitazama. Niliona aibu kuwachelewesha. Nikatia sahihi, jina langu na lako.

Kisha tukahesabu vizuri, kwa chaki, mistari ubaoni. Kila mtu aliona nani ameshinda.

Asubuhi nilirudi. Ubao ulikuwa umefutwa. Mlangoni walibandika fomu yenye mshindi mwingine, na chini yake sahihi yangu, safi, kama ulivyonifundisha.

Nilimwomba Furaha, shahidi mwenzangu pale, tuende wote tribunali, mahakamani. "Weye hauna bwana, hauna mutoto," alisema. "Siye tuko na watu ya kulisha." Sasa akiniona anavuka barabara. Mimi na Mama tunakula sombe, wawili, bila mtu kuulizwa anataka nini. Papa, sikujua nyumba inaweza kuwa kubwa hivi.

Kesho ni siku ya mwisho ya kupokea malalamiko. Nitakwenda peke yangu. Nitaanza na kosa langu, kwamba nilitia sahihi kwenye karatasi tupu, na baada ya hapo huenda shule ikanifukuza kazi, huenda wakanifunga. Ninaogopa. Ningetaka uwe umekaa kwenye benchi ya nyuma, basi, hata ukiwa umenikasirikia.

Leo mchana nilichukua kaa jikoni, nikachora kwenye ukuta mweupe mistari yote ya ubao ule, kama ninavyoikumbuka. Mama alinikuta. Akasogeza sufuria ili nifikie chini.

Chini sijaandika jina. Nitaliandika nikirudi.

Pumzika, Papa wangu.

Binti yako,
Neema