Mswada wa Vibali

Jumatatu, 4 Mei
Mswada wa Vibali umesomwa Barazani. Asiye na kibali cha mwajiri haruhusiwi kulala mjini. Nyumba ibomolewe, mwenyewe arudishwe "kwao". Dada yangu kwao ni wapi? Mume kamzika hapa. Mimi kanilea hapa, kwa cherehani. Mwajiri hana.

Wenyeji tuko wawili tu kwenye Baraza hili, Mchungaji na mimi, wote wa kuteuliwa na Gavana.

Jumanne, 5 Mei
Nimekutana na Mchungaji varandani kabla ya kikao. Kuuzuia mswada hatuwezi. Lakini Alhamisi, siku ya kuupitisha, tunaweza kuomba marekebisho: wajane na wazee waachwe. Kanuni zinataka watu wawili — mmoja atoe hoja, mwingine aiunge mkono. La sivyo haiandikwi hata. Amenishika mkono, kasema, Mkalimani, safari hii tusiwaachie. (Bado ananiita hivyo, kwa kazi yangu ya zamani mahakamani.) Nimemwambia tuko pamoja. Kengele ikalia, tukaingia.

Jioni nimepita kwa dada kumtuliza. Heri nisingefungua mdomo! Sijamaliza hata chai, ameshawaita majirani: mdogo wangu atatusemea Alhamisi.

Jumatano, 6 Mei
Nimeandika hotuba ya kuunga mkono. Tamu, najisifu mwenyewe. "Naungana na Mheshimiwa aliyetangulia..." Mke wangu amesikiliza huku anapiga pasi suti. Kauliza, na Mchungaji akinyamaza je? Nimemkatiza. Mchungaji ni mkubwa wangu kwa umri na kwa kiti. Nimtangulie kusema, nimekosa adabu?

Alhamisi, 7 Mei
Siwezi kuandika.

Ijumaa, 8 Mei
Niandike tu, la sivyo kichwa kitapasuka.

Jana Spika aliuliza kama kuna marekebisho. Mchungaji akanitazama. Nikainamisha kichwa kwa heshima, kumpisha. Naye akainamisha chake — nikadhani anasali kidogo kabla ya kusimama. Mjumbe wa wenye mashamba akapiga miayo. Spika akauliza tena. Karatasi mkononi mwangu inaanza na "aliyetangulia", na hakuna aliyetangulia. Ningeweza kusimama hata hivyo. Miguu ilikuwepo. Nikamsubiri Mchungaji, Mchungaji akanisubiri mimi, nyundo ikagongwa. Mswada umepita bila kupingwa. Katibu Mkuu wa Gavana akaja kushikana mikono nasi, eti tumeonyesha tumekomaa.

Nje Mchungaji alitoa karatasi yake mfukoni. Hotuba ya kuunga mkono! Kasema alijua nitaanza mimi, kwa sababu Kiingereza changu ndicho wanachokisikiliza. Watu wazima wawili, na suti zetu. Nilitaka kumlaumu, na yangu bado iko mkononi. Akapanda baiskeli akaenda zake bila kuaga.

Kwa dada sikupita. Nimeona aibu.

Jumamosi, 9 Mei
Asubuhi askari wamepita mtaani kwa dada na ndoo ya chokaa. Mlango wake umechorwa msalaba. Wabomoaji wanakuja Jumatatu.

Sasa hivi yuko hapa kwangu, na wajane wa mtaa mzima nyuma yake. Hawakuja kunilaumu. Afadhali wangelaumu. Dada amewaambia askari wamekosea tu, habari hazijawafikia, maana mdogo wake aliwasemea wajane mbele ya Spika. Wanataka niwape maneno yenyewe, kama nilivyoyasema, wakamwambie msimamizi wa mtaa kabla ya Jumatatu.

Mke wangu amewatolea viti uani. Ameingia chumbani mara moja kuchukua mkeka, haniangalii usoni. Nimemuuliza niseme nini. Kasema, wageni wako hao.

Namsikia dada dirishani, sauti ya furaha kabisa: "Tulieni jamani, anavaa. Huyu nimemlea mimi, mtamsikia anavyosema."

Viatu nimeshafunga. Nimevifungua, nafunga tena.